Kupima msaada wa kijamii kwa wagonjwa, wanafunzi na familia zinazouguza: dodoso moja linatosha?

Muuguzi_Makole

Habari za kazi wakuu. Naandaa utafiti wa kupima namna watu wanavyojiona wanaungwa mkono na watu wao. Makundi ni matatu: wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu wanaohudhuria kliniki hapa Dodoma mjini, wanafunzi wa chuo wanaokaa hosteli, na familia zinazouguza mgonjwa wa akili nyumbani, nyingi zikiwa upande wa Chamwino. Nimechagua MSPSS, kile kipimo cha Zimet na wenzake cha mwaka 1988 chenye sentensi 12 na majibu ya ngazi 7. Mpango ni kujumlisha alama, kugawa watu katika madaraja matatu (chini, kati, juu), kisha kulinganisha wastani wa makundi hayo. Sampuli nimeikadiria kuwa watu 384 kwa jumla.

Ninapokwama ni hapa. Je, dodoso hilohilo linaweza kutumika kwa makundi yote matatu bila kubadilishwa? Wazee wa vijijini wanaozungumza zaidi Kigogo niwaulize vipi, maana ngazi 7 naona ni nyingi? Na hiyo 384 inatosha? Majaribio ya mwanzo yanaanza baada ya wiki tatu, kwa hiyo bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Dodoso_Nzuguni

Salaam ndugu muuguzi. Kabla ya hesabu, shika hili: MSPSS inapima anachohisi mtu, haipimi alichopewa. Mgonjwa anaweza kuletewa uji kila asubuhi na bado akajiona hana mtu. Mwanafunzi ambaye hajatumiwa hata shilingi muhula mzima anaweza kujibu 7 kwa sababu anajua akipiga simu nyumbani atasikilizwa. Mambo hayo mawili huendana kwa kiasi tu. Kama unataka pia kujua nani anamsindikiza mgonjwa kliniki au nani analipia dawa, tunga maswali machache ya msaada uliopokelewa ndani ya siku 30 zilizopita na uyachambue peke yake. Ukiyajumlisha na zile 12 utapata namba isiyo na maana yoyote.

Sentensi zenyewe zimegawanyika sehemu tatu: ya 1, 2, 5 na 10 zinahusu mtu mmoja wa pekee, ya 3, 4, 8 na 11 familia, ya 6, 7, 9 na 12 marafiki. Mpangilio huo wa kuchanganya uache ulivyo. Wengi wanaotengeneza fomu kwenye simu huzikusanya za familia pamoja ili ionekane nadhifu, matokeo yake mhojiwa akishajibu ya kwanza hurudia jibu hilohilo kwa zile tatu zinazofuata.

Sasa matatizo ya huku kwetu. Huyo mtu wa pekee ameachwa wazi makusudi, mhojiwa ndiye anayeamua ni nani. Lakini ukiandika "mtu maalumu", baadhi watafikiria mtu mwenye ulemavu, na wengine mume au mke tu. Afadhali "kuna mtu mmoja wa karibu sana nami ambaye...". Kisha mwishoni mwa dodoso, baada ya sentensi zote 12, weka swali moja: "Ulipokuwa ukijibu kuhusu mtu huyo mmoja, ulimfikiria nani?" Mpe mume au mke, mchumba, mzazi, ndugu, rafiki, jirani, kiongozi wa dini, mwingine, hakuna. Hilo swali moja litakuokoa. Kwa wagonjwa wengi huyo mtu ni mama au binti, yaani amehesabiwa tayari kwenye familia, na utaona sehemu hizo mbili zinashikana kwenye uchambuzi. Bila swali hilo hutajua kama tatizo ni tafsiri au ndivyo maisha yalivyo.

Marafiki pia si jepesi. Mama wa makamo kijijini ukimuuliza habari za marafiki anaweza kusema hana, kumbe ana wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, wa kwaya na majirani wa miaka yote. Na mke wa mtu anaweza kulisikia vibaya hilo neno akiulizwa mbele ya wakwe. Weka maelezo ya utangulizi yanayosema marafiki ni watu wasio wa ukoo unaoshirikiana nao, wakiwemo majirani na wenzako wa kikundi. Familia nayo iseme ni wale anaowahesabu yeye kuwa watu wake, awe anakaa nao au la. Mwanafunzi aliyetoka Kagera au Mtwara hana familia hosteli. Maelezo hayo yawe neno kwa neno kwa makundi yote matatu, ukiyabadilisha kwa kundi moja tu umeshaharibu ulinganisho.

Kuhusu Kigogo: usimwachie mhojaji atafsiri papo hapo. Wahojaji watano watakupa madodoso matano tofauti. Fanya tafsiri kamili. Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, na ni vizuri mmoja asiwe wa fani ya afya, wakae waoanishe, wengine wawili ambao hawajaona asili warudishe kwenye lugha ya asili, kamati ndogo ilinganishe sentensi moja baada ya nyingine. Halafu wakalishe watu 8 hadi 10 wa kila kundi, wasomee, na kwa kila sentensi waulize wameelewa nini kwa maneno yao. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Mwishoni rekodi sauti ya msomaji mmoja mzuri, wahojaji wajifunze kwayo. Kama utavuka kwenda Kondoa au Chemba kumbuka huko kuna Kirangi na Kisandawe, amua mapema kama unakwenda au hapana.

Ngazi 7 usizipunguze kuwa 3 kienyeji, kwa sababu madaraja yaliyozoeleka yametengenezwa kwa alama 1 hadi 7. Tumia maswali mawili. Soma sentensi, uliza: "Kwako hii ni kweli, si kweli, au uko katikati?" Akisema katikati, andika 4. Akisema kweli, uliza: "Kweli kidogo, sana, au kabisa kabisa?", hapo ni 5, 6 au 7. Akisema si kweli, "si kweli kidogo, sana, au kabisa kabisa", hapo ni 3, 2 au 1. Mzee asiyejua kusoma anaimudu bila shida. Ukimsomea ngazi zote saba kwa mkupuo atakumbuka ya kwanza na ya mwisho, na data yako itajaa 1 na 7. Mwanafunzi anaweza kujaza mwenyewe kwa dakika chache. Kwa kusomewa hesabu 10 hadi 15.

Dada_wa_Kliniki

Naongezea upande wa wodini na kliniki, kwani hapo data nyingi huharibika kabla hata haijaandikwa.

Usimuulize mgonjwa habari za familia yake wakati aliyemletea chakula amekaa kitandani pake. Atasema 7 kwa kila kitu, na ungekuwa wewe ungesema hivyohivyo. Tafuta chumba au walau benchi la pembeni, na mwambie msindikizaji kwa adabu kwamba maswali ni ya mgonjwa peke yake. Pia mhojaji asiwe yule yule anayempa dawa. Mgonjwa akiona sare anaanza kujibu ili aonekane mwema, hasa sentensi za familia, kwa sababu kusema ndugu zangu hawanijali mbele ya mtumishi ni kama kuianika nyumba yake.

Muda wa siku nao una maana. Mgonjwa wa kisukari aliyefika saa 12 asubuhi bila kula, akisubiri kupimwa sukari, usimwekee maswali 60 hapo. Msubiri apimwe, ale, ndipo umkaribishe.

Kama siku moja utapanua hadi wagonjwa wa CTC (kliniki ya watu wanaoishi na VVU), kuna swali lazima litangulie: nani anajua hali yako? Mtu ambaye hajamwambia yeyote nyumbani hawezi kupata msaada wa nyumbani kuhusu ugonjwa huo, na alama yake ya familia inaweza kuwa juu sana kwa sababu anajibu kuhusu maisha kwa jumla. Bila swali hilo utaandika kwamba ana tegemeo kubwa wakati dawa anazimeza kwa kujificha. Hilo swali liulizwe faraghani tu, na jibu lake lisikae kwenye karatasi moja na jina.

Mimi kwa wazee wenye macho mabovu na waliochoka ningetumia OSSS-3, kipimo kifupi cha msaada wa kijamii. Ni maswali matatu: una watu wangapi wa karibu unaoweza kuwategemea ukipata matatizo makubwa, watu wanajali kiasi gani unachofanya, na ni rahisi kiasi gani kupata msaada kwa majirani ukiuhitaji. La kwanza lina alama 1 hadi 4, mengine mawili 1 hadi 5, jumla 3 hadi 14. Alama 3–8 ni tegemeo hafifu, 9–11 la wastani, 12–14 imara. Swali la majirani linaingia sana kwenye mazingira yetu, na MSPSS haina.

Takwimu_AreaD

Dada, OSSS-3 ni nzuri kwa kuchuja haraka kliniki, lakini kwa utafiti huu siungi mkono kuwapa wazee kipimo kimoja na wanafunzi kingine. Lengo la mwandishi ni kulinganisha. Akitaka aiweke kwa wote kama nyongeza ya maswali matatu, sawa. Ila asishtuke alfa ya Cronbach (namba inayoonesha maswali yanavyoshikana) ikitoka ndogo, kwa sababu maswali ni matatu tu na kila moja linagusa jambo lake.

Sasa sampuli. Ile 384 ni ya kukadiria asilimia, ukichukulia 50%, kosa la 5% na uhakika wa 95%. Wewe hukadirii asilimia ya kundi moja, unakadiria wastani wa makundi matatu. Tumia: n = (1.96 × mkengeuko sanifu ÷ kosa unalokubali), yote kwa kipeo cha pili. Mkengeuko ni kiasi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Chukua mkengeuko wa 1.3 kama mfano (wa kwako utaupata kwenye majaribio) na kosa la 0.15: unapata 289 kwa kila kundi. Ukitarajia 10% wasijibu, gawa kwa 0.9, ni 322. Ukigawa 384 yako kwa tatu ni 128 kwa kundi, na kosa linapanda hadi karibu 0.23 kwa kila wastani. Siyo janga, ila usitegemee kuona tofauti ndogo.

Kwa wanafunzi kuna jambo jingine. Ukichagua hosteli au madarasa kisha ukachukua watu 20 kila mahali, watu hao wanafanana, kwa hiyo 20 hao si sawa na 20 waliotawanyika. Zidisha sampuli kwa 1 + (20 − 1) × uwiano wa kufanana ndani ya kundi. Uwiano ukiwa 0.05 unapata 1.95, yaani 289 inakuwa 564 kabla ya kuongeza wasiojibu. Njia nafuu ni kuchukua wachache kwa madarasa mengi. Watu 6 kwa kila darasa, kwa uwiano huohuo, unazidisha kwa 1.25 tu. Na usikusanye wiki ya mitihani, wala nusu ya sampuli kabla ya bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) na nusu baada yake. Hisia za nani ananijali hubadilika mfuko ukiwa mtupu, na wewe utadhani ni tofauti za vitivo. Kwa kaya za Chamwino vivyo hivyo, usianze msimu wa kilimo ukamalizia baada ya mavuno.

Alama: wastani wa 1 hadi 2.9 ni chini, 3 hadi 5 ni kati, 5.1 hadi 7 ni juu. Kwa jumla ni 12–35, 36–60 na 61–84, mambo ni yaleyale. Lakini ninakusihi ripoti wastani wa kila sehemu (mtu wa karibu, familia, marafiki) kabla ya madaraja. Mtu mwenye 7 kwa familia na 1 kwa marafiki, na mwingine mwenye 4 kila mahali, wanaweza kuangukia daraja moja na mahitaji yao hayafanani hata kidogo. Na mipaka hiyo haikupimwa kwa wagonjwa wa Dodoma; itumie kueleza, usiitumie kuamua nani apewe huduma.

Wasiojibu: kama sentensi 3 kati ya 4 za sehemu zimejibiwa, chukua wastani wa hizo 3. Zikiwa 2 au pungufu, sehemu hiyo iache wazi. Na hapa kuna kosa linalopita bila kuonekana: usitumie namba 9 kwa "hakujibu". Mtu aliyejibu 5 mara kumi na moja na kuacha moja, programu ikiihesabu 9 kama alama, jumla ni 64 na wastani 5.33. Amehama kutoka kati kwenda juu, na hakuna atakayegundua kwa sababu 5.33 ni namba ya kawaida kabisa. Tumia −99, kisha itangaze kuwa thamani iliyokosekana kabla ya kujumlisha chochote. Kwenye KoboToolbox (programu ya kukusanyia majibu kwa simu) weka kizuizi kwamba jibu ni 1 hadi 7 au −99 pekee.

Sentensi zote 12 zina mwelekeo mmoja, hakuna hata moja ya kukanusha. Mtu wa kukubali kila kitu atapata alama za juu bila kufikiri. Kila jioni kokotoa mkengeuko wa majibu 12 ya kila mhojiwa. Ukiwa sifuri, kajibu namba ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Wakiwa wachache, sawa, wapo watu wa namna hiyo. Wakirundikana kwa mhojaji mmoja, ujue anajaza mwenyewe au anasoma kwa haraka, na alfa ya 0.97 inayokufurahisha ndiyo hiyo inatoka hapo. Angalia pia wangapi wamegota kwenye 84: wakizidi 15%, kipimo hakiwatofautishi watu wa juu.

Kuhusu kulinganisha makundi: wastani wa 5.4 kwa wanafunzi na 4.9 kwa wauguzaji hauna maana mpaka uoneshe kwamba sentensi zinafanya kazi sawa kwa wote. Fanya uchambuzi thibitishi wa sehemu tatu (unaopima kama majibu kweli yanagawanyika hivyo) kwa kila kundi, ukichukulia majibu kuwa ya ngazi, siyo namba za kawaida. Lavaan kwenye R, programu ya takwimu, inaweza, na ni ya bure. Kisha funga mizigo ya sentensi (kila moja inavyoshikana na sehemu yake) iwe sawa kwa makundi, halafu na vizingiti (mahali mtu anapohama ngazi moja ya jibu kwenda nyingine). Kila hatua, CFI (namba inayoonesha mfano unavyolingana na data) isishuke zaidi ya 0.01. Ikishuka, tafuta sentensi inayokataa. Ningeanza kuchungulia ile ya familia kusaidia kufanya maamuzi, kwa sababu mwanafunzi wa miaka 22 na mama mwenye nyumba hawaamui mambo ya aina moja. Ukishindwa kufikia hatua ya vizingiti, eleza makundi kila moja peke yake, acha kuyapanga nani wa kwanza nani wa mwisho. Kwa kazi hii watu 200 kwa kundi ndiyo ningetaka kama kiwango cha chini.

Muuguzi_Makole

Nashukuru sana, naona nirekebishe mambo mengi kabla ya majaribio. Mawili yamebaki. Kwenye familia nimuulize nani, mkuu wa kaya au anayemhudumia mgonjwa? Na mhojiwa akianza kulia au akisema hana mtu hata mmoja, mhojaji afanye nini?

Dodoso_Nzuguni

Muulize anayemhudumia. Mkuu wa kaya mara nyingi ni baba ambaye anatoa hela na ruhusa, lakini anayemuogesha mgonjwa, kumpa dawa na kukesha naye ni mwingine, na ndiye unayetaka kujua kama anaungwa mkono. Mpate kwa swali la wazi: "Kwa wiki hizi mbili, nani amekaa na mgonjwa muda mrefu zaidi kuliko wote?" Akiwa chini ya miaka 18, na wapo mabinti wa aina hiyo, hajibu bila ridhaa ya mzazi au mlezi na yeye mwenyewe kukubali.

Ukitaka kumhoji na mgonjwa pia pale hali yake inaporuhusu, wape namba pacha, mfano 014A na 014B, wahojiwe kila mtu mahali pake. Usichukue wastani wa wawili hao. Tofauti kati yao ndiyo habari: mgonjwa anasema familia ipo, muuguzaji anasema ameachwa peke yake, na wote wawili wanasema kweli. Mzigo wa kuuguza ni kitu kingine, kina kipimo chake. Cha Zarit kina maswali 22, alama 0 hadi 88. Kama muda unaruhusu kiweke baada ya MSPSS, kisitangulie, kwa sababu mtu aliyetoka kusimulia uchovu wake atajibu kuhusu familia kwa uchungu huo.

Dada_wa_Kliniki

La kulia, mhojaji asikimbilie sentensi inayofuata na asiahidi chochote. Anyamaze kidogo, aweke simu au karatasi chini, aulize kama wapumzike, waendelee au waache kabisa. Kuacha hakupunguzi huduma ya mgonjwa, na mhojaji alitamke hilo kwa mdomo, lisiishie kwenye fomu ya ridhaa.

Weka kanuni iliyoandikwa kabla ya siku ya kwanza. Yeyote anayepata alama 1 kwenye sentensi zote za sehemu mbili, au anayesema maisha hayana maana, mhojaji amwambie msimamizi siku hiyohiyo. Akitaja kutaka kujidhuru asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu kwa tathmini. Huku Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe kwa rufaa, ila mtu wa Mvumi au Haneti huwezi kumwambia tu aende Mirembe. Nauli ya mhojiwa na msindikizaji iwe kwenye bajeti, na jina na namba ya mtumishi wa ustawi wa jamii wa wilaya viwe mfukoni mwa kila mhojaji.

Hili pia liwe kwenye maombi yako ya kibali cha maadili, kamati itauliza. Baada ya kibali kuna barua ya mkoa, ya halmashauri, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Wiki tatu ulizonazo zinaweza zisitoshe kama barua hazijaanza kutembea, kwa hiyo zipeleke kesho, tafsiri iendelee huku unasubiri. Mtendaji akitaka kukaa kwenye mahojiano, mweleze mapema na kwa heshima kwamba atasaidia kuonesha nyumba kisha atawaacha. Ukimwambia mlangoni, mbele ya watu, utakuwa umemvunjia heshima na umepoteza kijiji.

Takwimu_AreaD

Na majina yasiingie kwenye faili la majibu. Orodha ya majina na namba ikae peke yake, imefungwa kwa nywila, kwa mtu mmoja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti, na orodha inayoonesha nani anauguza mgonjwa wa akili kijiji gani ni nyeti hata bila jibu lolote kuambatanishwa. Majaribio yako yakiwa na watu 30, 10 kwa kundi, usikokotoe chochote cha kujivunia. Tazama muda uliotumika, sentensi zilizorudiwa kusomwa na zilizoachwa. Yale majibu ya "ulimfikiria nani" yasome yote 30 kwa jicho, moja moja.